Katniss ni "jike dume"? Hapo ndipo ninapopinga

Wadau, kila ikitajwa riwaya ya The Hunger Games ya Suzanne Collins (2008), sifa ya Katniss, msichana shujaa wake, ni ile ile: jike dume. Anawinda, ana shabaha, halii ovyo. Sifa hiyo inaniudhi, maana inasema msichana hapati heshima mpaka afanye kazi tuliyozoea kumwachia kaka yake.

Kumbukeni alivyoanza. Baba amekufa kwenye mlipuko wa mgodi wa makaa, Katniss ana miaka 11. Mama akazama kwenye huzuni, nyumba ikakaa na njaa. Mtoto akaingia msituni na upinde wa marehemu ili mdogo wake, Prim, apate kula. Uanaume uko wapi hapo? Ni dada mkubwa analea, jambo ambalo wasichana wengi humu mnalijua vizuri. Hata alipojitolea kwenda uwanjani kwenye Michezo ya Njaa, ambako serikali inalazimisha vijana 24 wauane abaki mmoja huku watu wakitazama, alikuwa anamkinga Prim yule yule aliyekuwa amechaguliwa.

Peeta naye, mtoto wa mwokaji aliyepelekwa uwanjani pamoja naye, anaitwa legelege kwa sababu anapamba keki. Mkono huo wa keki ndio uliomficha kando ya kijito, amejipaka tope na majani, paja limechanwa kwa upanga. Na mkate aliomrushia Katniss siku ya mvua, miaka kabla ya uwanja, uliokoa familia nzima.

Ila sehemu inayoniuma ni ya pangoni. Katniss anambusu Peeta, chungu cha mchuzi kinashuka kutoka kwa wafadhili, watazamaji wanaolipia misaada. Anaelewa papo hapo kwamba anatakiwa kuigiza mapenzi ndipo mgonjwa wake ale. Kabla ya hapo wapambaji wa Michezo walishamng'oa vinyweleo mwili mzima na kumvika magauni. Uanamke wenyewe umegeuzwa bidhaa ya watazamaji, na nadhani mwandishi alikusudia tuone karaha yake.

Karibuni, hasa mnaopinga.

JIBU
Kwa Peeta nakuunga mkono. Lakini umeruka mwisho. Kwenye Mockingjay (2010), kitabu cha tatu, msichana aliyeapa kutozaa anaishia kuwa mama wa watoto wawili, kwa kuwa Peeta aliwataka sana. Vitabu vitatu vya vita, halafu tunarudishwa kwenye ndoa na watoto kama ngano za zamani? Mimi naona mwandishi aliogopa kumwacha vile alivyotaka kuwa.

MWENYE MADA
Ndugu yangu, hoja yako ni nzito na sikuiruka kwa kuidharau. Alikataa kuzaa kwa sababu watoto walikuwa wanachukuliwa kwenda kuuawa. Michezo ikafutwa, na bado ilimchukua miaka 15 kukubali, tena kwa hofu. Huyo hajasahau alikotoka. Nitakubali jambo moja: uamuzi mkubwa kiasi hicho kupewa kurasa chache tu, sauti ya Peeta ikisikika kuliko ya mwenye tumbo, ni udhaifu wa kitabu.

Na wewe hujamgusa Coin. Mwanamke, kiongozi wa waasi, ameshinda vita, na anapendekeza watoto wa Capitol, mji mkuu wa watawala walioshindwa, nao waingizwe uwanjani. Mshale uliotengwa kwa Rais Snow, mtawala waliyempindua, Katniss akamfuma nao Coin. Kwako wewe, kumfanya Coin katili kama Snow ni kumpa mwanamke usawa kamili, au ni ile hofu ya siku zote ya mwanamke akishika madaraka?