Kebo ya ekseleta ya MGB GT inakatika tena na tena: chanzo ni nini?

Mwenye MGB, Nakuru

Salamu kwenu nyote. Ninamiliki MGB GT ya mwaka 1970, yenye usukani wa kulia, injini ya sentimita za ujazo 1798 na kabureta mbili za SU. Niliinunua ikiwa imetoka tu kushushwa injini na giaboksi kwa ukarabati mkubwa. Gari lina nguvu, halichemshi, na sina lalamiko jingine isipokuwa hili: kebo ya ekseleta haidumu. Ninapofunga mpya hufanya kazi vizuri kwa majuma machache, kisha pedeli huwa nzito, huanza kunata badala ya kurudi, na mwishowe kebo hukatika nikiwa njiani. Katika barabara ya kwenda Naivasha, yenye malori mengi namna ile, gari kupoteza mwendo ghafla au ekseleta kukwama ikiwa imekanyagwa ni jambo la kuogopesha sana.

Nimenunua kebo kwa wauzaji mbalimbali na zote zimeishia vivyo hivyo, kwa hiyo sidhani kwamba tatizo ni ubora wake. Fundi wangu anapendekeza tufunge kebo ya breki ya pikipiki kwa kuwa ni nene zaidi. Je, huo ni ushauri mzuri?

Fundi wa Kabureta, Mombasa

Ndugu yangu, usinunue kebo nyingine kabla hujaichunguza ile iliyokatika, kwa sababu mahali ilipokatikia ndipo penye jibu.

Ikiwa imekatika upande wa pedeli, karibu na kile kifundo cha chuma kinachokaa kwenye uma wa mkono wa pedeli, tazama kama uma umelika ukawa na makali, au kama kifundo hakiwezi kujigeuza pedeli inaposhuka. Ikiwa imekatika upande wa kabureta, chunguza kile kishikio kidogo chenye skrubu kinachobana waya kwenye mkono wa mtaimbo unaounganisha kabureta zote mbili. Kishikio hicho kinapaswa kuzunguka kwa urahisi katika tundu lake. Kikikazwa kupita kiasi au kikiingia kutu, waya hujikunja mahali palepale kila unapokanyaga, na nyuzi zake huchoka na kukatika moja baada ya nyingine.

Lipo pia jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza. Mwambie mtu akanyage pedeli hadi mwisho huku wewe ukitazama chini ya boneti: vilango vya hewa vya kabureta vifunguke kikamilifu wakati uleule pedeli inapofika kikomo chake. Vikifika mwisho mapema kuliko pedeli, uzito wote wa mguu wa dereva unabebwa na waya mwembamba.

Kuhusu kebo ya pikipiki, mimi siipendi. Kebo nene hujikunja kwa shida zaidi kwenye kona ndogo, na kifundo chake kisipolingana na uma wa pedeli utakuwa umeongeza tatizo la pili.

Mwenye MGB, Nakuru

Nashukuru sana, mzee wangu. Nimeitoa na kuichunguza kwenye mwanga wa jua. Haikukatika mwishoni. Imekatika katikati, ndani ya ala (ganda linalofunika waya wa kebo), karibu na pale inapopita kwenye ukuta unaotenganisha injini na sehemu ya abiria. Plastiki ya ndani ya ala imeyeyuka na kugandamana na waya. Nyuzi zimekuwa na rangi ya bluu iliyochanganyika na weusi, na ncha zake kadhaa zina vitone vya mviringo. Nilidhani ni joto la ekzosi, kwa kuwa katika injini hii ekzosi na kabureta ziko upande mmoja, wa kushoto, lakini mahali palipoungua pako mbali nayo. Nimegundua pia kwamba kebo ya choki, ile ya kusaidia injini baridi kuwaka, imekuwa ngumu kuvuta.

Umeme wa Magari, Dar es Salaam

Maelezo haya yanatosha kabisa. Waya uliochoka kwa kukunjwa huwa na ncha kavu zenye kung'aa. Vitone vya mviringo na rangi ya bluu maana yake ni kwamba chuma kilipata joto kali mno, na joto hilo limetokana na umeme. Kebo yako ya ekseleta inafanya kazi ya waya wa athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri.

Injini na giaboksi ya MGB zimekaa juu ya raba, na raba haipitishi umeme. Betri, ambazo kwa gari la mwaka wako ni mbili za volti 6 nyuma ya viti, zimeungwa kwenye bodi kwa upande wa hasi. Stata, yaani mota ya kuwashia injini, nayo imefungwa kwenye injini, na inapoanza kuzunguka huvuta mamia ya ampea. Umeme huo wote hauna budi kurudi kutoka kwenye injini hadi kwenye bodi, na njia yake halali ni mkanda wa waya uliosukwa unaoziunga mbili hizo. Mkanda huo ukikosekana, umeme hutafuta chuma chochote kinachogusa pande zote mbili: kebo ya ekseleta, kebo ya choki, hata kebo ya hita. Ndiyo maana choki nayo imeharibika, na ndiyo maana kebo nene ya pikipiki ingechelewesha tu tatizo.

Kwa kuwa injini na giaboksi zilishushwa, nina imani kubwa kwamba mkanda haukurudishwa, au ulifungwa juu ya rangi mpya.

Pima hivi: chomoa waya wa koili ili injini isiwake, weka ncha moja ya mita ya volti kwenye chuma kitupu cha injini na nyingine kwenye chuma kitupu cha bodi, kisha mtu azungushe stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, njia ya athi ni mbovu. Ukikosa mita, unga injini na bodi kwa waya mnene wa kuazimia betri. Stata ikizunguka kwa nguvu kuliko kawaida, umekwisha kupata jibu.

Mwenye MGB, Nakuru

Mita ilisoma karibu volti 3. Nilipoingia chini ya gari na tochi nilikuta bolti ya giaboksi iliyopaswa kushika mkanda haina kitu, na upande wa bodi tundu limefunikwa na rangi. Nimekwangua rangi hadi chuma kikaonekana, nimefunga mkanda mpya wenye vifundo vipana na kupaka grisi juu ya maungio ili kuzuia kutu. Sasa mita haifiki hata robo volti, na stata inazunguka kwa wepesi ambao sikuwahi kuusikia katika gari hili. Nitafunga kebo mpya za ekseleta na choki. Je, nizitie mafuta kwanza?

Fundi wa Kabureta, Mombasa

Kama ala ina plastiki ndani, usitie kitu, kwa sababu mafuta hukusanya vumbi na kufanya kebo inate. Grisi kidogo kwenye kifundo cha pedeli na kwenye kishikio cha kabureta inatosha. Kisha badilisha springi za kurudisha vilango vya hewa vya kabureta zote mbili, maana za zamani huenda nazo zilipitiwa na umeme uleule, na chuma cha springi kilichopata joto hupoteza nguvu ya kuvuta.

Umeme wa Magari, Dar es Salaam

Usiache pia kuivuta kebo ya hita kabla ya kufunga boneti. Ikiwa ngumu, itoe.