Naomba ushauri: bomba la tundu la besi kwenye kasha la AR-3a liwe na urefu gani?

Sikio_Moja: Salamu, wakubwa kwa wadogo. Nina jozi ya spika za AR-3a za kampuni ya Acoustic Research, zile za wufa (spika ya besi) ya inchi 12 zilizoanza kutoka mwaka 1967, na sauti yake inasikika kama ya mtu anayeongea chini ya blanketi. Kwenye kasha moja nimefungua skrubu nane za mgongo, nikakuta pamba ya kioo na kapasita kuukuu. Nakusudia kutoboa tundu la sentimita 7 ili besi ipumue, kisha niongeze mihimili ya mbao ndani. Bomba liwe na urefu gani? Naomba majibu mapema, kwa kuwa usingizi umenipaa.

FundiKrosova: Anza na kapasita, ndugu. Ndani mna za mikrofaradi 6, 50 na 150, nazo huchakaa kwa umri. Mimi yangu ilipoteza sauti ya kati upande mmoja. Nikabadilisha kapasita zote, nikachomea risasi hadi usiku wa manane, na sauti haikurudi. Kumbe ni vile vidhibiti viwili vya kuzungusha vya mgongoni, vilikuwa vimeota kutu ya kijani. Nilivisugua tu.

Mzee_wa_Wufa: Hakuulizia kapasita, bwana. Kasha hilo limezibwa kwa makusudi: tangu AR-1 ya mwaka 1954, mbunifu wake Edgar Villchur aliifanya hewa iliyofungiwa ndani kuwa springi ya koni, ile sehemu ya wufa inayotikisika. Wufa hiyo ikiwa nje ya kasha hutikisika yenyewe kwenye Hz 18 hivi (mitikisiko 18 kwa sekunde), na hewa ya ndani huipandisha hadi 42. Ukitoboa, springi imekwenda, na kwenye sauti za chini kabisa koni itapepea bila wa kuishika. Hakuna urefu wa bomba unaoponya hilo. Mihimili nayo hula nafasi ya hewa. Sasa niambie: umeshatoboa?

Sikio_Moja: Nashukuru, mzee wangu. Hata hivyo, spika nyingi za kisasa zina tundu, na sidhani kwamba waliozitengeneza wote walikosea.

Mzee_wa_Wufa: Sikuulizia za kisasa. Umetoboa?

Sikio_Moja: Moja tu, tena nilipima mara tatu kabla ya kukata. Besi imeongezeka, ingawa koni inachezacheza hata pale santuri inapokuwa kimya. Jambo jingine ni kwamba spika ni za kaka yangu; aliniachia nizitunze, naye anarudi Jumamosi.

Bint_Santuri: Amana haitobolewi! Ungempigia simu kwanza.

Kelele_Kidogo: Mwambie kaka kwamba zilikuwa zinakosa pumzi, nawe ukazifungulia dirisha.

Mpima_Sauti: Hadithi hii naitilia shaka. Mgongo wa AR-3a umegundishwa, na mtu huingia ndani kwa kutoa wufa mbele. Anayesimulia skrubu nane hajawahi kuliona kasha hilo, na sisi tunapotezewa muda.

Sikio_Moja: Naapa kwamba skrubu zipo. Kasha la pili ndilo halina hata moja, nilidhani zimefunikwa.

FundiKrosova: Basi kuna mtu aliyeukata mgongo huo kabla yako, na kaka yako huenda anamjua. Blanketi lako, hata hivyo, halihusiani na besi: kinachokosekana ni sauti ya kati na ya twita, spika ndogo ya sauti za juu. Rudi kwenye vile vidhibiti nilivyovisema, ambavyo niliambiwa havikuulizwa.

Sikio_Moja: Kiduara nilichokata bado ninacho. Nikigundishe?

Mzee_wa_Wufa: Kitapwaya, kwa kuwa msumeno umekula ukingo wake. Gundisha kwanza ubao mpana zaidi upande wa ndani, ukiweke kiduara juu yake, ujaze ufa kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao, kisha uzibe maungio yote ya mgongo. Gundi ikishakauka, sukuma koni taratibu kwa vidole na uiachie: ikirudi polepole, kasha limeziba.

Sikio_Moja: Nimejaribu kwenye kasha la pili, ambalo sijaligusa kwa msumeno. Koni imerudi mara moja.

Mzee_wa_Wufa: Gusa ukingo wa koni, ile sponji laini inayoishikilia kwenye fremu. Ikoje?

Sikio_Moja: Imebaki kidoleni.