Wakuu, kromosomu za miembe hazionekani kwenye hadubini, nifanyeje?

Mchovu wa Maabara: Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa mwisho, mradi wangu ni kulinganisha kromosomu, vile vijiuzi vya urithi ndani ya seli, za embe dodo, bolibo na Apple. Nakata ncha za mizizi, naloweka kwenye hidroksikwinolini (dawa ya kusimamisha seli zinapogawanyika), naua seli kwa alkoholi na asidi asetiki 3 kwa 1, natia rangi nyekundu ya asetokarmini, naponda. Naambulia bonge jekundu tu. Msimamizi anataka picha Jumatatu, usingizi sipati.

Mama Muheza: Bolibo! Marehemu babu alikuwa na mti wake nyuma ya jiko, tulikuwa tunapigana.

Kijiko Kimoja: Umelainisha na asidi hidrokloriki, nyuzi 60? Usipolegeza kuta za seli, utaponda mpaka kioo kivunjike. Na usitegemee ukubwa wa zile za kitunguu. Za embe ni 40 na ni punje kabisa.

Mchovu wa Maabara: Asidi natia mkuu, dakika kumi.

Kijiko Kimoja: Mizizi unaitoa wapi? Umeotesha kokwa?

Mchovu wa Maabara: Ya miche tu.

Kijiko Kimoja: Miche ipi?

Mchovu wa Maabara: Ya kitaluni. Ile ya kubebesha. Nimeshailipia kwa boom, hela ya mkopo wa chuo, msinivunje moyo.

Kijiko Kimoja: Aisee. Kubebesha ni kupachika kikonyo juu ya mche mwingine, kwa hiyo dodo yako inaanzia pale ilipofungwa nailoni kwenda juu. Mzizi ni wa kokwa lolote waliloliokota sokoni. Achana nao, chukua vijani vinavyochipua juu, vikiwa bado vyekundu.

Mchovu wa Maabara: Lakini si umesema embe ni 40? Jibu litakuwa lile lile. Halafu sura ya tatu nimeshaandika "mizizi".

Kijiko Kimoja: Kama jibu unalo, hadubini ya nini?

Mzee wa Penseli: Vijana mnapenda njia za mkato. Sisi tulichora kila seli kwa mkono, umeme ukikatika tunasogea dirishani.

Sina Dogo: Chai hii, tena haina tangawizi. Huyu wiki iliyopita alikuwa jukwaa la kilimo anauza miche ya parachichi. Mwanafunzi gani? Anatafuta wateja.

Mchovu wa Maabara: Ile ni biashara ya shemeji yangu, mimi nilimwandikia tangazo tu!

Kijiko Kimoja: Imebebeshwa na nani hiyo, na wewe?

Mama Muheza: Shemeji anafikisha mpaka Tanga? Nataka kumi.