Tupeane uzoefu: uliinua pua ya gari kwa spesa, yakakukuta yapi?

Pweza wa Mambrui
Salaam wakuu. Jana magharibi natoka Marafa na X-Trail yangu, nikafika pale maji ya mvua yalipokata njia, bampa ya mbele ikachimba mchanga kama jembe. Mama watoto akaniuliza, "Baba Rehema, mbona gari letu lasujudu?" Nilicheka, lakini usingizi haukuja. Ni kweli, pua iko chini kuliko nyuma. Kuna fundi hapa Malindi mjini anataka kunitilia spesa mbele, vile vipande vya kuinulia gari, sentimita 3 tu, anasema kazi ya asubuhi moja. Mliofanya, tupeane uzoefu. Msiniambie ninunue Land Cruiser, hela hiyo sina.

Kaa la Moto
Nunua Land Cruiser.

Dereva wa Sabaki
Umenikumbusha machungu, ndugu yangu. Sentimita 3 hizo hizo ndizo zilizonilaza Marereni.

Nina Prado 120, nililinunua kwa mtu, pua imelala. Fundi akaja na vipande viwili vya alumini, vinene sentimita 3, akavifunga juu ya shoki, ile nguzo ya kuzuia mdundo iliyozungukwa na springi, pale kwenye nati tatu chini ya boneti. Hata springi hakuifungua. Saa tano asubuhi gari liko chini, mimi nalizunguka natabasamu. Limesimama kama jogoo! Nilipopima, pua imepanda karibu sentimita 6. Nikaona fundi amenizidishia kwa ukarimu. Alaimenti, ile kunyoosha magurudumu? Nikasema nitapeleka mwisho wa mwezi.

Mwezi ukaisha, na mwingine. Nikianza kukata kona nasikia tak-tak-tak. Nikadhani ni kokoto. Ndani ya rimu mna weusi wa grisi, nikafuta kwa kitambaa nikaendelea na maisha yangu. Kumbe ile raba inayofunika siivii, kiungo cha shafti ya kuzungusha gurudumu, ilikuwa imekunjwa vibaya, mikunjo inasuguana hadi ikapasuka, na mimi kila siku napita kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni. Grisi nje, mchanga na chumvi ndani.

Basi tukaalikwa arusi, kijiji kiko ndani kutoka Marereni. Nimembeba mamamkwe kiti cha mbele, nyuma wake za mashemeji na masufuria mawili makubwa. Tumeacha lami, mchanga umeanza, nikakata usukani kumpisha mwenye ng'ombe, nikasikia TAA! Gari likasimama. Nakanyaga mafuta, injini inalia, haliendi popote. Kuchungulia chini, shafti imening'inia kama mguu wa kuku aliyevunjwa.

Mamamkwe hakugomba. Hilo ndilo lililoniumiza. Alishuka, akajifunga leso vizuri, akalitazama gari, akasema, "Mwanangu, lilikuwa zuri lilipokuwa fupi." Akapanda bodaboda na sufuria moja. Mimi nikalala na gari na sufuria la pili, nalo lilikuwa tupu.

Mnazi Mkinda
Pole sana. Hiyo tak-tak naijua.

Gereji ya Mwembeni
Sabaki, pole, lakini Prado hilo lina kifungo cha kufunga difu ya kati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ungekifunga, nguvu zingekwenda magurudumu ya nyuma ukarudi polepole hadi lami.

Dereva wa Sabaki
Najua sasa. Siku ile nilikuwa natazamwa na mamamkwe. Ningekumbuka kifungo gani?

Mtoto wa Amu
Sisi huku Amu tunawaonea huruma. Gari langu naliacha Mokowe, napanda boti, nikishuka nachukua punda. Pua juu, nyuma chini, mzigo katikati, wala hana siivii.

Kaa la Moto
Punda wako akipakia cementi saba utaona siivii yake.

Mwalimu wa Spana
Ngojeni kwanza, kuna hesabu imepita hapa bila kuelezwa. Spesa ya sentimita 3 haikumpandisha Sabaki sentimita 6 kwa ukarimu wa fundi. Prado mbele lina mikono miwili ya chuma inayoshika gurudumu, wa juu na wa chini, na shoki imekaa katikati ya ule mkono wa chini, haiko kwenye gurudumu. Ukiisukuma shoki sentimita 1, gurudumu kule mwisho linashuka karibu 2. Ni kama kufungua mlango: karibu na bawaba unasogea kidogo, kwenye kitasa unasogea sana. Kwa hiyo alifanyiwa kazi ya inchi 2 na zaidi akidhani ni inchi 1.

Baba Chumvi
Uongo. Mimi Forester nimetia sentimita 3, nikapata 3. Nilipima mwenyewe.

Mwalimu wa Spana
Forester ni mpango mwingine, ndugu. Shoki yake imefungwa moja kwa moja karibu na gurudumu, haina mkono wa juu. Hapo 3 ni 3. X-Trail ya Pweza ni vivyo hivyo.

Baba Chumvi
Ndiyo nilivyosema.

Mwalimu wa Spana
Ulisema "Uongo".

Baba Chumvi
Nilisema nilipima! Wewe na mlango wako.

Jogoo la Ganda
Nyie mnazozana kwa sentimita. Mimi niliona springi ikiruka.

Mwaka ule nina Pajero kuukuu, nataka raba ya kuinua itiwe ndani, baina ya springi na kikombe chake cha juu. Kazi hiyo lazima springi ibanwe kwanza kwa vile vibanio viwili vyenye skrubu ndefu. Fundi wetu, tuko chini ya banda la makuti nyuma ya nyumba ya shangazi, akawa na kibanio kimoja. Cha pili kimekwenda kwa mwenzake Watamu. Akasema, "Usijali bosi, upande huu ntafunga waya." Nikamwona anazungusha waya, ule wa kufungia nondo za slabu. Akaukaza kwa koleo. Akaugongagonga, akaridhika.

Kisha akashika spana akaanza kulegeza ile nati ya katikati juu kabisa.

Sijui ni Mungu au ni shangazi, maana shangazi ndiye aliyetuita tukanywe chai. Mimi nimegeuka, fundi kainua kichwa kujibu "naam", na mkono bado uko kwenye spana. Nikasikia mlio kama bunduki ya kwenye harusi zile za zamani. Spana ikaenda kushoto, kibanio kikaenda kulia. Springi ikapanda juu, ikatoboa makuti, ikatoka. Tundu la mduara safi kabisa, jua likapenya chini likatumulika sote wawili, tumekaa mchangani hatusemi. Fundi anahesabu vidole.

Shangazi kutoka jikoni: "Ndiyo mwafungua soda huko?"

Mnazi Mkinda
Subhanallah.

Kaa la Moto
"Usijali bosi" 😂😂

Binti wa Gede
Na springi ilianguka wapi??

Dereva wa Sabaki
Hapo mimi na Marereni yangu naona nilipona.

Gereji ya Mwembeni
Haya si ya kucheka, jamani. Springi ikiwa imebanwa ina nguvu ya kumvunja mtu taya, na kuna walioondoka duniani. Nati ya katikati haiguswi mpaka springi icheze yenyewe kwa mkono. Vibanio viwili, vinatazamana, vinakazwa kwa zamu. Kwa Pweza: kama ni spesa ya juu ya shoki, zile nati tatu za nje, springi haifunguliwi kabisa, kazi ni salama zaidi. Ila gurudumu linaning'inia chini kuliko lilivyoundwa, na hapo ndipo siivii na boljointi, vile viungo vya gurudumu na mikono yake, zinapoteseka. Ile ya ndani, baina ya springi na kikombe, haiongezi mning'inio, lakini gari linakuwa gumu. Chagua ugonjwa wako.

Binti wa Gede
Naomba niseme la taa maana wanaume hamlisemi kamwe. Mume wangu aliinua RAV4 yetu mbele, akafurahi, akasafiri akaniachia. Kila usiku nikitoka Gede kwenda Malindi, matatu zote zinanipigia taa, bodaboda wanafunika macho, mmoja akanisimamisha akaniuliza kama naenda kuvua samaki kwa karabai. Mimi nadhani ni full, nazima nawasha, kumbe ni zile za kawaida! Pua ikipanda hata kidogo, taa zinatazama miti. Nyuma ya taa kuna skrubu ya kushusha. Kabla ya kuinua, egesha mbele ya ukuta usiku, weka alama ya chaki pale mwanga unapokatika. Ukimaliza, rudi mahali pale pale, shusha mpaka ufike kwenye chaki.

Mnazi Mkinda
Hili zuri. Naongeza: ukipakia mzigo nyuma inakuwa mbaya maradufu.

Wa Tanga Raha
Jirani zenu toka Tanga nawasalimu. Sisi hiyo tunaita shokapu, nyie shoki ni kitu gani tena?

Baba Chumvi
Shokapu ni kiingereza cha kuvunjika.

Wa Tanga Raha
Na shoki ni Kiswahili cha Vumba, siyo?

Mtoto wa Amu
Mwenye Kiswahili yuko hapa, na anapanda punda.

Kaa la Moto
Pweza, dawa rahisi: zile raba za kupachika katikati ya mizunguko ya springi. Maji ya sabuni, unaisukuma, umemaliza. Nimekaa nazo mwaka wa tatu.

Gereji ya Mwembeni
Usimsikilize. Mzunguko wenye raba hauchezi, kazi yote inahamia mizunguko mingine, springi inakatika. Na kwenye mashimo ya kwenda Baricho raba inachomoka, inabaki moja, gari linatembea upande kama kaa.

Kaa la Moto
Ndiyo maana naitwa hivyo.

Mkulima wa Lango Baya
Mimi nilitoa ile ngao ya chuma iliyokuwa mbele ya bampa, pua ikapanda yenyewe. Bure.

Mwalimu wa Spana
Mkulima ametoa ushauri wa maana kuliko wote hapa. Mengine mawili upesi. Kwanza, bolti za mikono ya chini zilegezwe, kisha zikazwe gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Mafundi wengi huzikaza likiwa juu ya jeki. Busha, ile raba ya kwenye kiungo cha mkono, inabaki imejipinda na miezi michache imechanika. Pili, alumini, bolti za chuma na upepo wa bahari ni maadui. Paka grisi, la sivyo siku ya kufungua utatumia msumeno. Na alaimenti siku hiyo hiyo, msingoje mwisho wa mwezi.

Dereva wa Sabaki
Nimesikia, mwalimu.

Pweza wa Mambrui
Nimerudi. Nimesoma yote, nikaogopa, nikaamua kupima kwanza. Si kutoka chini, maana upepo wa matairi unadanganya. Kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Kulia sawa, kushoto pungufu sentimita 2 na nusu. Nikavua tairi. Springi ya kushoto imekatika mzunguko wa mwisho kabisa wa chini, kutu imeila, kile kipande kimelala kwenye kikombe chake kama kijiko. Sina habari limetembea hivyo tangu lini. Nimempigia fundi wa spesa, amesema, "Tutatia spesa nene upande huo."

Gereji ya Mwembeni
Kimbia.

Mnazi Mkinda
Nunua zote mbili za mbele, usinunue moja.

Pweza wa Mambrui
Ndizo nimeagiza, mpya, za kiwandani, spesa nimeacha. Zinafika Ijumaa na basi. Ganda, utanikopesha vibanio?

Jogoo la Ganda
Ninacho kimoja.

Binti wa Gede
Jamani, hiyo springi ILIANGUKA WAPI?

Jogoo la Ganda
Kwa jirani, ndani ya zizi la mbuzi. Alikataa kuirudisha mpaka tulipe hofu ya mbuzi. Tundu bado lipo, shangazi hataki lizibwe, anaonyesha wageni.

Pweza wa Mambrui
Haya. Mashine ya alaimenti Jumamosi hapa mjini hufunguliwa?

Baba Chumvi
Hufunguliwa. Ila uliza kwanza kama stima ipo.