Waliopelekwa kazi za ndani na mawakala kutoka Tabora na Kigoma, tupeane uzoefu

Ndugu zangu, habari za jioni. Niko Tabora mjini, Isevya. Jana mdogo wangu, ana miaka 21, kaja na fomu ya kwenda Oman. Kaletewa na mama mmoja tunayesali naye. Sijalala, maana fomu ile naijua. Nilienda Muscat mwaka 2015 kwa njia hiyo hiyo.

Niliahidiwa riyali 80 kwa mwezi, mtoto mmoja, nyumba ndogo. Karatasi niliyosaini ilikuwa Kiarabu kitupu. Nikakuta watoto watano, ghorofa mbili, na Ijumaa napelekwa kusafisha kwa mama mkwe. Paspoti aliichukua dereva wa maktabu (ndivyo wanavyoita ofisi ya wakala) palepale uwanja wa ndege. Nimekuja kuiona tena baada ya miezi 14. Miezi mitatu ya kwanza sikulipwa, eti nadaiwa tiketi, vipimo na viza. Nilipoomba kuondoka nikaambiwa bosi alimlipa wakala ili anipate, basi nirudishe hela hiyo kwanza. Watu wakisikia mateso wanafikiria kipigo. Mimi sikupigwa hata siku moja. Nilifungwa na deni.

Wengine yaliwakuta yapi? Andikeni, nitamsomea.

Wa Kasulu: Pole sana dada. Mimi nilipitishwa Zanzibar hadi Dubai. Mama alikuwa amenifungia chupa ya mawese na dagaa kwenye kanga. Kwa wakala walimwaga begi lote sakafuni, chakula kikaenda jalalani. Tuliketishwa wasichana tisa kwenye benchi, mabosi wanakuja kutuangalia. Mama mmoja alinishika mikono akaigeuzageuza kama anachagua mihogo sokoni. Ukirudishwa na bosi, deni linaanza upya. Kulikuwa na dada wa Singida karudishwa mara tatu, mshahara hajawahi kuushika.

Wa Sikonge: Mnasema Uarabuni, mbona hata Dar ni yale yale. Mwaka 2009 dalali alitukusanya wanne stesheni ya Tabora, mimi nina miaka 13. Kumbe Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kuajiri mtoto chini ya miaka 14, nimelijua hilo ukubwani. Mshahara wa kwanza ulikwenda kwa dalali kama asante, wa pili nauli ya treni. Nikishazoea nyumba anakuja kunihamisha, anasema nyumbani kuna msiba. Hakukuwa na msiba. Kila nyumba mpya ilikuwa inamlipa upya.

Wa Gungu, Kigoma: Mimi natofautiana kidogo. Nimekaa Oman miaka minne kwa familia njema, na nimejenga. Tusiwatishe mabinti.

Mleta mada: Namshukuru Mungu kwa ajili yako dada yangu, kwa moyo wote. Ila niambie, paspoti ulikaa nayo mwenyewe?

Wa Gungu: Hapana. Ilikuwa kabatini kwa mama mwenye nyumba. Sikuwahi kuiomba.

Wa Ujiji: Mkataba namba 189 wa ILO (Shirika la Kazi Duniani), wa mwaka 2011, unasema mfanyakazi wa ndani ana haki ya kukaa na hati zake, na ada ya wakala isikatwe kwenye mshahara wake. Hapa nyumbani tuna Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008. Mdogo wako adai mkataba wa Kiswahili, aulize TaESA (ofisi ya serikali ya huduma za ajira) kama huyo wakala anatambulika, na nakala ya paspoti ibaki kwako. Akishaona ametapeliwa, polisi kuna dawati la jinsia.

Wa Kasulu: Na namba ya ubalozi asiiweke kwenye simu tu, simu wanachukua siku ya kwanza. Mimi niliishona ndani ya pindo la gauni. Ndiyo iliyonirudisha.

Mleta mada: Nimemsomea yote. Alinyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza, "Dada, ile laki na nusu niliyokwishatoa itarudi?" Sikujua kama ameshalipa. Kesho asubuhi tunakwenda wote kwa yule mama. Kama kuna aliyewahi kurudishiwa hela yake, naomba aniambie alianzia wapi.