Mimi ni CR wa darasa la mtandaoni, nimeambiwa nipeleke mapendekezo matatu tu. Niombe yapi?

mama_chaki

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kasulu, Kigoma, niko mwaka wa pili wa shahada ya elimu kwa njia ya mtandao. Chuo sikitaji, msinibane. Wenzangu wamenichagua kuwa kiongozi wa darasa (CR), mimi ambaye kila kipindi nazima maiki kwa sababu ya jogoo wa jirani asiyejua saa. Sasa uongozi unataka kila CR alete mapendekezo matatu ya kuboresha "uzoefu wa mwanafunzi". Nilivyoisoma mara ya kwanza nilidhani ni tangazo la kazi. Mwisho ni Ijumaa.

Hali yetu ni hii. Kipindi kinaanza saa mbili usiku, watoto wanadai chakula na kijiji kizima kiko kwenye simu. Nyumbani kwangu mtandao wa kueleweka uko sehemu moja tu, dirisha la jikoni, kwa hiyo simu naiegemeza kwenye kopo la chumvi na mwiko uko mkono wa kulia. Mhadhiri anatusomea slaidi ambazo tayari tunazo. Saa moja na nusu imeisha, na bando la wiki nalo limeisha. Rekodi inawekwa kesho yake, faili moja la MB 600 na ushee. Sijawahi kuimaliza hata moja.

Mwezi jana tulikuwa na jaribio la maswali 40 kwa dakika 45. Niko swali la 31, umeme ukakatika na mnara nao ukafa. Kurudi saa nne, nakuta nina sifuri. Sio 31, sifuri. Nikaandika barua pepe, nikajibiwa siku ya 19: "Wasiliana na idara husika." Idara yenyewe ndiyo niliyoiandikia.

Ila linaloniuma zaidi si hilo. Niliandika kazi ya kurasa 9 juu ya kufundisha kusoma kwenye darasa la pili lenye watoto 112, ambalo ni darasa langu mwenyewe. Wiki tatu za usiku. Ikarudi 14/20, basi, hakuna hata neno moja. Mimi nikimrudishia mtoto daftari lenye 14 bila kumwonyesha alipokosea, mwalimu mkuu ananiita ofisini.

Kwenye grupu letu la WhatsApp wengine wanataka tuombe laptop za mkopo, wengine bando, wengine "app mpya". Nisaidieni kuchuja.

ngosha_wa_ziwa

Ombeni ada ishuke. Hayo mengine mapambo.

fundi_mfumo

Pole mwalimu. Mimi nasimamia mfumo wa masomo kwenye chuo kingine, na ulivyoeleza naona mko kwenye Moodle, mfumo wa kusomea mtandaoni. Hiyo sifuri yako haikuletwa na umeme, imeletwa na mpangilio. Anayetengeneza jaribio anachagua moja kati ya matatu muda ukiisha: majibu yajikusanye yenyewe, au mwanafunzi apewe muda kidogo wa kukusanya bila kujibu swali jipya, au asipobonyeza mwenyewe asihesabiwe kabisa. Nakuwekea dau, lenu liko kwenye hilo la tatu. Majibu yako karibu yote yamo humo humo, mfumo huwa unayahifadhi wenyewe kila baada ya muda mfupi. Na mwenye kozi anaweza kumfungulia mwanafunzi mmoja muda au jaribio la pili bila kugusa darasa zima. Kazi ya dakika mbili, haina bajeti.

Kuhusu app mpya, waambie wapumue. Moodle ina programu yake ya simu, unapakua kozi ukiwa na mtandao, unasoma popote (jaribio lenye kikomo cha muda ndilo litakudai mtandao). Martin Dougiamas aliyeuanzisha, toleo la kwanza likatoka 2002, mwenyewe alisoma shule ya msingi jangwani Australia Magharibi kwa redio ya masafa mafupi. Shida ya mtu wa mbali anaijua. Wanaotusumbua ni wanaotengeneza jaribio bila kuangalia mipangilio.

nesi_wa_zamu

Salamu kutoka Lodwar, Kenya. Sisi darasa letu ni manesi watupu, nusu yetu wako zamu ya usiku, kwa hiyo saa mbili usiku ni kama kutuambia tusije. Tulimsihi mhadhiri mmoja arekodi sauti pekee, kwa simu yake tu, vipande vya dakika kumi hivi, kisha Jumapili tukutane kwa maswali. Mimi nilimaliza hiyo kozi yote nikiwa ndani ya matatu. Wahadhiri wengine wote bado wanatusomea slaidi.

fundi_mfumo

Nesi kamaliza. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde, kipindi cha saa moja na nusu hakifiki MB 45. Linganisha na hizo 600.

mama_chaki

MB 45! Hiyo naipakua nikisubiri maharage yaive.

mzee_wa_posta

Mwanangu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya 1992, nami niliingia miaka ya mwanzo kabisa, nikiwa karani. Hatukuwa na mfumo wala mnara. Vitabu nilivifuata kituo cha mkoa, kazi naandika kwa mkono chini ya kibatari. Zilichelewa kurudi, hilo siwafichi, lakini zilirudi na wino mwekundu. Msahihishaji mmoja aliniandikia pembeni: "Hapa umekurupuka. Kasome tena sura ya nne." Nilikasirika siku mbili, ya tatu nikaifungua hiyo sura. Karatasi bado ninayo, wajukuu wanaicheka. Wewe unaumia kwa sababu umeandika kurasa tisa na hujui kama kuna mtu amezisoma.

ngosha_wa_ziwa

Mzee kaongea. Ila ada bado ni kubwa.

mama_chaki

Shikamoo mzee. Umenikamata pale pale.

Nimeshaandika. La kwanza: kila kazi irudi na sentensi tatu za mhadhiri, palipo pazuri, palipokosewa, cha kusoma. Watu watasema wahadhiri ni wachache. Mimi nina watoto 112 na madaftari nasahihisha. La pili: rekodi za sauti, na kipindi cha moja kwa moja kiwe cha maswali tu. La tatu: jaribio likusanye majibu lenyewe, na anayekatikiwa umeme ajue anamwandikia nani. Fundi, maneno yako matatu ya mipangilio nimeyanakili yalivyo, usinidai.

Ada sikuigusa, ngosha, ningetumia nafasi moja kwa jibu ninalolijua.

Nimeambatisha ile kazi ya kurasa 9, bila kuombwa. Jogoo ameanza na saa kumi haijafika, na andalio la somo la kesho sijaligusa.