Milioni mbili ya Dar, mkononi itabaki ngapi?

Mtoto_wa_Kisauni:
Assalaam alaykum wanajamvi. Mie kijana wa miaka 27, naandika programu kwenye kampuni moja hapa Unguja. Mkononi yanifikia milioni moja na kidogo. Nakaa kwa bi mkubwa Kisauni, kodi ya nyumba silipi. Wiki iliyopita kampuni ya Dar imeniletea barua: milioni 2 kwa mwezi, kabla ya makato. Ami yangu keshaitangaza barazani, na bi mkubwa kaanza kuulizia bei ya bati.

Nilisoma bara kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Hapa kazini mpaka leo sijakatwa hata senti. Niende?

Karafuu_Mbichi:
Unauliza tena? Panda boti!

Mhasibu_Mstaafu:
Mwanangu, usipande boti kwanza, chukua kalamu. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, sehemu yako 10%, ni 200,000. Inabaki 1,800,000, na hapo ndipo PAYE, kodi ya mshahara, inapopigwa: milioni ya kwanza inaliwa 128,000, kinachozidi kinakatwa 30%, yaani 240,000. Jumla 368,000. Umebaki na 1,432,000.

Sasa bodi ya mikopo. Wao wanataka 15% ya mshahara wa msingi. Kama hiyo milioni 2 yote ni msingi, 300,000 inaondoka. Mkononi 1,132,000.

Na hilo la kutokatwa Unguja lisikufurahishe. Deni lipo palepale, linakungoja.

Mtoto_wa_Kisauni:
Subhanallah. Yaani naacha nyumbani kwa tofauti ya laki moja? Nikiwaomba waniongeze je?

Mhasibu_Mstaafu:
Omba, lakini omba ukijua. Kwa hali yako, kila laki watakayoiongeza kwenye msingi, NSSF elfu 10, PAYE elfu 27, bodi elfu 15. Kwako inafika 48,000. Ukitaka 1,500,000 mkononi, barua inatakiwa isome kama 2,770,000. Hiyo ya NSSF angalau ni akiba yako, ingawa dukani huwezi kwenda nayo.

Bint_Mkunazini:
Kaka, mhasibu kamaliza ya karatasini, mie nakupa ya mtaani. Nilihama na barua nzuri kama yako. Mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita mkupuo, sina. Nikalala kwa binamu Mbagala, naamka saa kumi alfajiri niwahi kazini Masaki, nyuma ya daladala nimesimama mguu mmoja. Jioni narudi hoi, nanunua chipsi. Wewe Kisauni unarudi unakuta sahani imefunikwa kawa. Ipigie hesabu na hiyo sahani.

Dola_Tupu:
Mnamtisha kijana. Awaambie wampe mkataba wa huduma badala ya ajira. Wanakata kodi ya zuio 5% basi, hakuna NSSF, hakuna nini. Mie ndivyo nafanya.

Mhasibu_Mstaafu:
Ndugu yangu, 5% hiyo ni malipo ya awali. Mwisho wa mwaka unapeleka ritani ya mapato na kodi inakokotolewa upya kwa viwango vilevile, mpaka 30%. Kama hujapeleka, usimfundishe mwenzio. Na siku akiugua hana likizo, akizeeka hana mfuko.

Dola_Tupu:
😅 Nimekusikia mzee.

Bint_Mkunazini:
Hebu waulize barua inagawanyaje: msingi kiasi gani, posho kiasi gani?

Mtoto_wa_Kisauni:
Nimerudi. Nimewapigia. Msingi 1,400,000, posho ya nyumba na usafiri 600,000.

Mhasibu_Mstaafu:
Ahsante Bint, swali hilo nilitakiwa niulize mie. Posho za fedha taslimu kama hizo zinatozwa kodi, kwa hiyo PAYE haibadiliki. Ila bodi itakata kwenye msingi tu: 210,000. Mkononi 1,222,000. Umeokota elfu 90 kwa simu moja.

Mtoto_wa_Kisauni:
Nimewaomba nifanye kazi nikiwa huku, niende Dar kwa boti wiki moja kila mwezi, nauli juu yao. Wamesema watanijibu Jumatatu. Hesabu ya mhasibu nimeinakili kwenye karatasi nikamuonesha bi mkubwa. Kaitazama mpaka chini, kavua miwani, kaniuliza: "Na hawa bodi, ni nani wetu?"